Picha ya Kanisa Uliyoniomba

Misheni, ng'ambo ya kivuko cha Kilifi
Jumanne, 9 Novemba 1954
Asubuhi ya mawingu. Mvua fupi kabla ya kengele ya shule, kisha jua la mvuke. Upepo unatoka baharini.

Kaka yangu Mugambi,

Naanza na mama, maana ndiye ninayemwota. Je, kifua chake kimetulia tangu baridi ya Julai? Anakunywa uji, au bado anasema uji usio wa wimbi ni maji ya kuoshea vibuyu? Na mkeo Nkatha amejifungua salama? Katika barua yako ya mwisho ulisema siku zake zimekaribia. Mimi ni mzima wa mwili. Wasichana wangu wa darasa la nne sasa wanajua kusoma ramani, na wananiuliza kama ni kweli kwetu mtu huamka akakuta majani yamekuwa meupe kwa baridi. Nawaambia si kwetu hasa, ni juu zaidi, karibu na mlima. Hawaniamini. Wanasema mwalimu anatuchezea.

Barua hii haikupita posta. Unajua jinsi barua zetu sisi Wameru, Waembu na Wakikuyu zinavyofunguliwa tangu hali ya hatari itangazwe. Mkono uliokupa ni wa Mzee Abdalla, mchinjaji wa Meru mjini, yule aliyekuwa akinunua mbuzi kwa baba. Alikuja Mombasa kumzika dada yake, akaona si vizuri arudi bila kunijulia hali. Yeye si wa kabila letu, haulizwi kipande cha utambulisho kila kona kama sisi. Anaondoka kesho asubuhi, kwa hiyo nina leo tu. Nitaandika kwa utaratibu, nikianza mwanzo, ili usije ukasema sikueleweka.

Kirimi alifika hapa mwezi wa Mei, baada ya watu wetu kuzolewa Nairobi kwa malori. Alikuwa amekonda, amevaa koti la mtu mwingine. Hakuomba chakula. Alisimama mlangoni pa darasa, akanitajia kwa Kimeru jina la ukoo wake wa kule Kangeta na jina la ukoo wetu. Basi. Sikuhitaji zaidi. Wewe na mimi tulikaa pamoja chini ya ghala la baba, naye akitufundisha: mtu wa gichiaro amepita ndugu wa tumbo moja. Akikuomba humnyimi. Akikuuliza humdanganyi. Damu yake ikimwagika kwa mkono wako, uzao wako unakauka. Babu zao na babu zetu waliapa hivyo wakati wa vita vya ng'ombe, na baba alikufa akijisifu kwamba upande wetu haujawahi kuharibu.

Nilimuuliza kwa hiyo gichiaro kama ameua mtu, au kama amewalisha watu kiapo cha msituni.

"Kulishwa nililishwa, dada," akasema. "Huko Nairobi, panga likiwa shingoni. Mimi sikumlisha mtu. Na kuua, sijaua hata kuku wa jirani, ingawa yuko mmoja alistahili."

Nikacheka, naye akacheka, na ndipo nikaenda kwa padri nikamwambia nimepata seremala. Padri hakuuliza mengi. Paa la kanisa lilikuwa linavuja juu ya kiti chake mwenyewe. Kirimi akawa Danieli Mwakio, Mtaita, fundi wa misheni. Jina hilo sikukuandikia.

Mwezi wa Julai akaniomba jambo moja tu. Mama yake, yule anayeuza miraa sokoni Kangeta, alikuwa akidhani mwanawe amekufa. Nikakuandikia wewe peke yako, kwa mafumbo, kwamba yule aliyemchongea baba sanduku yu hai na anakula chumvi karibu nami. Mpelekee mama yake neno. Ukanijibu: "Neno limefika. Mama yule alipiga vigelegele hadi majirani wakatoka." Nilimsomea Kirimi maneno hayo. Akaniomba niyasome tena.

Septemba ukaniandikia tena. Barua hiyo ninayo hapa mezani. Ulisema M'Ithali, yule mzee wa gichiaro mwenye mguu mbovu, amekuja nyumbani na asali. Amesikia habari za kanisa la kale la baharini na anataka kuiona picha yake kabla hajafa. Ukaandika: "Asimame mtu mlangoni ili tujue urefu wa mlango. Na awe fundi, maana mzee anapenda mafundi. Avue kofia, ni nyumba ya Mungu."

Kaka, nani katika ukoo wetu angemnyima mzee wa gichiaro picha?

Padri alinikopesha kamera yake ya sanduku. Nataka ujue jinsi nilivyoifanya kazi ile, maana niliifanya kwa moyo. Kanisa hili limeipa bahari mgongo. Madhabahu iko mashariki upande wa maji, na mlango unatazama magharibi, penye minazi na makaburi. Ukipiga picha asubuhi, jua linaingia katika jicho la kamera na kanisa lote linakuwa kivuli. Nilingoja jua ligeuke. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba wasichana wangu hukaa dirishani wakakunja miguu na bado nafasi inabaki. Chumvi imezila hadi zimekuwa kama sega la nyuki. Nilirudi nyuma hadi makaburi ya watumwa walioachiwa huru, ambao ndio walioijenga nyumba ile, ili paa lote liingie, na pembeni ionekane mikoko na maji yakitoka. Nilifikiri: mzee wa watu hajaona bahari, aione vizuri.

Kirimi akasimama mlangoni. Wasichana walikuwa wamepangwa kushoto kwake, na midomo haikutulia.

"Fundi Danieli, wewe ni mtu au ni boriti?"

"Vua kofia, fundi! Tuone kama kichwa kina nywele!"

"Akivua jua litaogopa!"

Bibi Perisi, mama mzee anayefagia kanisa, akawakemea. "Mnamcheka bure. Nyinyi wenyewe mkipigwa picha mnabana midomo kama mna maji."

Kirimi hakutaka kuvua. "Kofia hii ni ya jua, mwalimu," akasema, mkono ukiwa juu yake. Unajua alichokuwa akificha. Kovu lile la pembe ya fahali, kutoka kwenye nyusi hadi nywele zinapoanzia, linajulikana na kila mtu kuanzia Kangeta hadi Kinoru. Nikamsogelea nikamwambia polepole kwa Kimeru, "Ni mzee wa gichiaro aliyeomba." Akavua papo hapo. Hakuuliza mzee gani.

Filamu ilikwenda kwa Mhindi wa picha huko Mombasa, akanirudishia picha mbili. Moja padri aliitundika ofisini. Ya pili nilikutumia wewe, nimeifunga katika karatasi ya daftari isikunjike.

Sasa habari ya Alhamisi iliyopita.

Walikuja saa ya darasa la hesabu: ofisa mmoja Mzungu, askari wa huku, na askari mmoja aliyetoka Meru, mfupi, mwenye pengo. Padri aliwapokea ngazini. Nilimsikia akisema, "Hapa hapana Mmeru ila mwalimu wa wasichana, na karatasi zake zote ziko sawa." Ofisa akatoa mfukoni kipande cha picha, kidogo kama stempu mbili. Nilikuwa nimetoka nje, nikakiona. Wamekata wasichana wangu. Wamekata paa, kuta, mikoko na bahari. Wamebakiza kichwa cha mtu na ukingo wa mlango, ule uliochongwa maua. Picha ya padri nilijua iko ukutani, maana niliipita asubuhi. Iliyobaki ni ile niliyokutumia wewe.

Wakamshusha Kirimi kutoka juu ya paa, nyundo bado mkononi.

"Jina?"

"Danieli Mwakio."

"Kabila?"

"Mtaita, bwana."

Ofisa akatazama picha, akamtazama yeye. Uso ule wa kwenye picha ni mdogo, na kovu ni mstari tu, ungeweza kuwa hata mkwaruzo wa karatasi. Mtu yeyote anaweza kuwa na kovu. Nilimwona ofisa akisitasita, akamwuliza padri kama anaweza kupata maji ya kunywa. Nikaanza kupumua.

Ndipo yule mwenye pengo akasogea akasema kwa Kimeru, kwa adabu kabisa, kama mtu anayebisha hodi: "Nimetumwa na Mugambi wa Githongo, mwana wa M'Nkanata, wa gichiaro yenu. Anakuuliza kwa gichiaro: wewe ni mwana wa nani?"

Padri hajui Kimeru. Alitabasamu, akidhani wanasalimiana.

Kirimi angeweza kusema haelewi lugha ile. Angeweza kutikisa kichwa tu. Alishakaa miezi sita akijibu kwa jina la Mwakio, na Kitaita cha salamu alishajifunza. Alikuwa na njia wazi mbele yake, na sisi sote tungekuwa tunakunywa chai jioni ile. Badala yake aliinama, akaiweka nyundo juu ya ngazi taratibu kama inayoweza kuvunjika, akasema: "Mwambie Mugambi, mimi ni Kirimi, mwana wa M'Thuranira."

Wakamfunga pingu. Alipopita mbele yangu akasema, "Ni nyinyi, dada?"

Hakusema "ni wewe". Alisema "nyinyi". Wakati ule nilikuwa bado natafuta njia ya kutoamini. Nilitaka iwe barua niliyokutumia iliibwa posta. Nilitaka iwe kuna Mugambi mwingine Githongo. Gari lilipoondoka Bibi Perisi alinishika mkono. Babu yake aliletwa hapa kutoka katika jahazi la watumwa. Akaniambia, "Mwanangu, hawa tuliowazika hapa, waliowauza hawakuwa wageni. Mgeni angewajuaje majina?" Nilirudi darasani nikamalizia hesabu.

Jana Mzee Abdalla alifika, nami nikamuuliza habari za nyumbani kama mtu anavyouliza. Akanipa bila kujua anachonipa. Kwamba umepata cheti cha utiifu. Kwamba umeruhusiwa kupanda kahawa chini ya barabara, pale palipokuwa na migomba ya baba. Nikamuuliza habari za mama wa Kirimi. Akasema huwa anamwona Kangeta akienda kununua mbuzi. "Yule mama? Amenyoa kichwa kumlilia mwanawe tangu mwezi wa tano, mwalimu. Hajaacha kunyoa. Anaketi na miraa yake, hata bei hapigani nayo."

Kwa hiyo vigelegele vile ulivitunga. Ulikaa mezani, ukachovya kalamu, ukatunga hata majirani waliotoka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata picha. Picha naweza kusema walikubana. Najua hofu, kaka. Najua karani Mmeru kama wewe siku hizi anashukiwa hata akipiga chafya, na homgadi, wale walinzi wa serikali, wanalala karibu na mlango wako. Ungeniandikia neno moja tu la fumbo, kwamba wamekushika koo, ningekuelewa, na Kirimi angekuwa ameondoka hapa kabla wino haujakauka. Lakini vigelegele vya mama aliyenyoa kichwa, nani alikulazimisha kuvitunga?

Nilimsimulia Mzee Abdalla yote. Alikunja kanzu yake magotini. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi kazi yangu ni kisu. Nachinja kila siku ya Mungu. Lakini mnyama simwiti kwa jina alilopewa na mwenyewe, huku nimeficha kisu nyuma. Hiyo hata sisi wachinjaji tunaona haya."

Sasa sikiliza jambo lenyewe, maana lawama haimtoi mtu kifungoni.

Padri alikwenda kituoni akaelezwa shitaka. Wanasema Kirimi aliwalisha watu kiapo huko Kinoru, wiki ile tuliyomzika baba. Unajua adhabu ya aliyelisha kiapo ni kamba. Na unajua wiki ile Kirimi alikuwa wapi, kuliko mtu mwingine yeyote duniani. Alikuja kutoka Nairobi aliposikia baba amefariki. Alikataa ubao wa duka, akapasua mti kwa msumeno wa mkono nyuma ya nyumba yako, akachonga sanduku, akakataa hata kuku wa ahsante kwa sababu ni gichiaro. Alilala katika nyumba yako, kwenye kitanda chako, wewe ukilala chini na kuwakataza watoto wasimwamshe. Alikaa hadi tulipomaliza kunyoa. Kinoru hakwenda. Hata shimo la kaburi ulichimba naye.

Nimeandika ushahidi wangu na padri ameweka sahihi. Utapelekwa Meru. Nimeomba pia ruhusa ya kusafiri nije nisimame mwenyewe, nao wamesema watafikiri. Lakini nani atanisikiliza mimi? Mwanamke, Mmeru, tena niliyemficha. Anayeaminiwa ni wewe, mwenye cheti. Kesi itasikilizwa Meru, si mbali na meza yako. Nenda ukaseme alikuwa nyumbani kwetu. Sikuombi uwaambie uongo. Nakuomba useme yale uliyoyaona kwa macho yako ukiwa umeshika mwisho wa pili wa msumeno. Pengine watachukua cheti. Pengine watang'oa na kahawa. Ni miche, kaka.

Na kuna jambo jingine ambalo nimekwisha kulifanya, nataka ulisikie kwangu. Nimempa Mzee Abdalla neno la mdomo ampelekee mama wa Kirimi siku ya soko. Atamwambia mwanawe yu hai, yuko mikononi mwa serikali huko Meru. Atamwambia pia kwamba sisi ndio tuliomtoa: picha niliipiga mimi, na swali lililomfunga pingu lilikuwa lako. Mzee Abdalla alinisihi nifiche nusu. "Mwambie yu hai, mwalimu, inatosha. Hayo mengine yataleta wazee mlangoni kwenu." Nikamjibu mama yule ni wa gichiaro. Alishawahi kunyimwa ukweli na nyumba yetu mara moja. Ulimtoa Kirimi kwa sababu ulijua hawezi kukudanganya, na mimi nami siwezi kumdanganya mama yake. Neno ni lilelile.

Kwa hiyo wazee wa Kangeta watakuja Githongo. Watauliza kwa utaratibu wao, wakiwa wamekaa, na mama atakuwa pale anasikia. Hutaweza kuwadanganya, wala sidhani utataka. Ila wakikukuta umeshakwenda kusema ukweli mbele ya hakimu, utakuwa na kitu cha kuwajibu. Wasipokukuta umekwenda, sijui utawatazamaje, na mimi sitakuwepo kukusaidia kutazama chini.

Nisalimie mama. Mwambie nitamletea chumvi ya baharini akasugulie ngozi za viti. Nisalimie Nkatha, na mtoto kama amekuja; kama ni wa kiume, tafadhali usimpe jina la baba hadi mambo haya yaishe. Nisalimie shangazi Karimi, aliyenisuka nywele siku niliyoondoka, na binamu yetu mwalimu wa Chogoria, kama wamemwachia. Jirani wa ng'ambo ya mto, yule mama wa kunde, mwambie mbegu zake zilishika huku, ila kuku wa padri walizimaliza.

Barua za picha usiniandikie tena. Nikisikia umesimama mahakamani, nitakuandikia mimi, na nitakuita kaka kama nilivyoanza hapa juu. Leo naishia kwa jina ambalo hakuna awezaye kuninyang'anya.

Mimi,
Kagendo, binti wa M'Nkanata.

Jumatano, alfajiri. Mvua. Mzee Abdalla ameshapiga hodi. Nilipata usingizi saa tisa na nusu usiku.